Siku nne za mapumziko Japani: je, nifike Ine, kijiji cha wavuvi, au nisiende kuwasumbua wenyewe?

Mwalimu wa Chumbageni:

Assalamu alaykum, na habari za jioni kwenu nyote.

Mimi ni mwalimu wa jiografia katika shule moja ya sekondari hapa Tanga, na nimepata nafasi ya kuhudhuria mafunzo ya wiki tatu mjini Kyoto mwezi Novemba. Mafunzo yakimalizika nitabakiwa na siku nne kabla ya ndege ya kurudi. Wenzangu watatu ninaosafiri nao wamekwisha kukubaliana kwenda Tokyo kutazama maghorofa na maduka, nami sina ugomvi nao, ila mji mkubwa hunichosha hata ukiwa Dar es Salaam. Ninatafuta mahali padogo, penye bahari, ambapo watu huamka wakaenda kwenye shughuli zao bila kumngojea mgeni.

Katika kupekuapekua nimekutana na picha za Ine, kaskazini mwa mkoa huohuo wa Kyoto, ambako nyumba za wavuvi zimepangana ukingoni mwa ghuba, na chombo huingia chini ya nyumba kama ng'ombe anavyoingia zizini. Nilizitazama picha hizo kwa muda mrefu kuliko nilivyostahili, maana mezani nilikuwa na madaftari ya Kidato cha Pili yanayongoja kusahihishwa.

Nina maswali matatu. Kwanza, mtu asiyejua Kijapani hata neno moja anafikaje huko kutoka Kyoto? Pili, mimi ni Mwislamu, sili nguruwe wala situmii pombe. Katika kijiji cha namna ile nitakula nini, na nitaswalije? Tatu, na hili ndilo linalonikera zaidi, je, ni adabu kwenda?

Nifafanue hilo la tatu. Bibi yangu mzaa mama aliishi Pangani, katika mojawapo ya nyumba kongwe za karibu na mto. Siku moja, nikiwa na umri wa miaka kumi hivi, bibi alikuwa uani amejifunga kanga kifuani, anakuna nazi, mara wakaingia wageni watatu na kiongozi wao bila kupiga hodi, wakaanza kupiga picha mlango, kisima, mbuzi aliyoikalia, na mwishowe yeye mwenyewe. Bibi hakutamka neno. Alinyanyuka, akajitanda, akaingia ndani, akatuacha sisi watoto tumeshika vifuu tusijue tuwafanye nini wale watu. Kila nikiitazama picha ya Ine naiona ile kanga ikipotelea mlangoni, nami sitaki kuwa mgeni wa namna ile katika ua wa bibi ya mtu mwingine.

Aliyewahi kufika anishauri, tafadhali.

Mtu wa Ngamiani:

Wa alaykumu s-salaam, Mwalimu. Nilisoma Osaka kwa miaka sita, na Ine nimefika mara mbili: mara ya kwanza kwa mchana mmoja tu, ambao hadi leo nauhesabu kuwa hasara, na mara ya pili kwa usiku mbili. Ushauri wangu ni kwamba uende, lakini uende kulala.

Nianze na safari, kwa kuwa ndiyo nyepesi. Kutoka stesheni ya Kyoto kuna treni ya haraka iitwayo Hashidate, nayo hukufikisha Amanohashidate kwa muda wa kama saa mbili. Zingatia kwamba kuanzia Fukuchiyama reli ni ya kampuni nyingine, Kyoto Tango Railway, kwa hiyo ile pasi ya reli ya nchi nzima wanayonunua watalii haimalizi safari. Kondakta atakuja kukudai nyongeza, tena atainama kabla ya kudai na atainama tena baada ya kulipwa. Ukiteremka Amanohashidate unapanda basi la kwenda Ine, mwendo wa takriban saa moja, bahari ikiwa kuliani kwako karibu njia nzima. Mabasi ya vijijini kule hayana konda: unapanda, unachukua kikaratasi chenye namba, na unapofika unatumbukiza sarafu katika kisanduku kilicho kando ya dereva. Nilikaa siku nyingi nikiona ajabu basi kuondoka kituoni bila mtu kugonga bati.

Usiipite Amanohashidate hivihivi. Ni ulimi wa mchanga wenye urefu wa kilomita 3.6, umefunikwa kwa misonobari, umekatiza ghuba kutoka ng'ambo hadi ng'ambo, nao Wajapani wameuhesabu kwa karne nyingi kuwa mojawapo ya mandhari tatu bora za nchi yao. Desturi ni kupanda mlimani, kuugeukia mgongo, kisha kuinama na kuutazama kupitia katikati ya miguu yako, ili mbingu iwe chini na ule mchanga uonekane kama daraja linaloning'inia angani. Nilikataa kuinama kwa ajili ya staha mbele za watu, na nimejuta.

Sasa nije kwenye swali lako la tatu, ambalo nalipenda kuliko yote. Zile nyumba huitwa funaya, yaani nyumba ya chombo, nazo ni kama 230, zimeizunguka ghuba ambayo ukingo wake una urefu wa kilomita tano hivi. Tangu mwaka 2005 serikali ya Japani imeliweka eneo hilo katika orodha ya mitaa ya kale inayohifadhiwa. Jambo ambalo picha hazilionyeshi ni kwamba funaya si nyumba nzima ya familia. Nyumba kubwa ya kuishi iko upande wa pili, chini ya kilima, na kati yake na funaya inapita barabara, ambayo ilipanuliwa miaka ya 1930 kwa kupitia katika nafasi iliyokuwa ua wa wenyeji. Kwa hiyo unapotembea katika barabara ya Ine, hata kama ni barabara ya umma yenye mstari mweupe, unatembea kati ya sebule ya mtu na banda lake. Bibi wa kule huvuka barabara akiwa na sufuria mkononi na ndala miguuni, kwa sababu kwake yeye hajatoka nyumbani.

Kati ya funaya moja na nyingine kuna nafasi nyembamba zinazoelekea majini. Sisi watu wa mwambao tukiziona tunadhani ni vichochoro vya watu wote, tunapita. Siyo, ni mali ya mwenye nyumba, na hapo ndipo wageni wengi wanapokosea. Ukitaka kuiona ghuba, panda boti ya matembezi, au mlipe mvuvi mmoja akuzungushe kwa chombo chake kidogo (wanaiita teksi ya bahari), au panda ile bustani iliyo juu ya kilima. Ukitaka kuona ndani ya funaya, lala ndani ya funaya. Baadhi zimegeuzwa nyumba za wageni, na nyingi kati ya hizo hupokea kundi moja tu kwa usiku, kwa hiyo weka nafasi mapema. Utahitaji kufanya hivyo kwa vyovyote, kwa sababu ubalozi wa Japani pale Dar es Salaam, unapoomba viza, utakutaka uonyeshe ratiba yako ya siku kwa siku na mahali utakapolala.

Kijiji kizima, pamoja na vitongoji vyake, kina watu wapatao elfu mbili, na wengi ni wazee. Vijana wamekwenda mijini kama wanavyokwenda wa kwetu. Anayelala huacha fedha ya malazi, ya chakula, ya boti. Anayekuja mchana kwa saa mbili huacha foleni ya magari katika barabara ambayo magari mawili hupishana kwa kuombana radhi.

Neno la kwanza la kujifunza si asante. Jifunze "gomen kudasai". Kule vijijini mgeni husukuma mlango wa mbele ukateleza, akasimama palepale kwenye sehemu ya kuvulia viatu bila kuongeza hatua, akalitamka kwa sauti ya kusikika, kisha akangoja. Ni hodi, Mwalimu. Ni hodi hasa.

Jambo la mwisho ni mvua. Pwani ile mwezi Novemba hubadilika mara tano kwa siku, na wenyeji wana msemo kwamba hata ukisahau chakula chako cha mchana, usisahau mwavuli.

Nahodha wa Sahare:

Mwalimu, mimi sijawahi kupanda ndege na sitarajii, ila mjukuu wangu amenisomea haya yote na kunionyesha picha, nami usiku nimekosa usingizi.

Hapa kwetu maji ya bamvua yakitoka, mashua hulala ubavu kwenye tope mpaka yarudi, na yakijaa hupiga ukuta wa watu. Mtu akijenga nyumba ya namna hiyo Sahare, mara mbili kwa siku atakuwa na ngazi ya kushukia matopeni, na mara mbili kwa siku jiko lake litaoga. Hao wenzetu wanafanyaje? Na pepo zao je, hawana kusi? Nisije nikawa naonyeshwa picha za kuchora.

Mtu wa Ngamiani:

Shikamoo, Nahodha. Picha ni za kweli, na swali lako ndilo nililojiuliza mimi siku ya kwanza, nikiwa nimesimama pale natafuta alama ya maji kujaa kwenye nguzo na nisiione.

Siri iko katika bahari yenyewe. Bahari ya Japani, inayotenganisha nchi ile na Korea na Urusi, imezibwa karibu pande zote, na milango yake ya kutokea kwenye bahari kuu ni myembamba na mingi haina kina kikubwa. Yale maji yanayoinuka na kushuka katika bahari kuu kwa mvuto wa mwezi hayapati nafasi ya kuingia kwa wingi na kutoka kwa wakati, kwa hiyo tofauti ya kujaa na kupwa huko haifiki hata nusu mita, ilhali kwetu Tanga bamvua hupita mita tatu. Kwa lugha yako, kule ni maji mafu mwaka mzima, tena mafu kuliko ya kwetu.

Pepo wanazo, tena kali. Wakati wa baridi upepo huvuma kutoka kaskazini-magharibi, huleta theluji, na bahari ya nje huchafuka kiasi kwamba vyombo havitoki. Lakini ghuba ya Ine imeufungua mdomo wake kusini, vilima vimeikumbatia pande tatu, na mdomoni kimekaa kisiwa kidogo, Aoshima, kama vile kisiwa cha Toten kilivyokaa mbele ya bandari yetu. Wimbi linalofika chini ya nyumba ni lile lililokwisha kuchoka.

Sakafu ya chini imejengwa kwa mteremko unaoingia majini, ili chombo kivutwe ndani kikauke na mbao zisioze. Siku hizi boti nyingi ni kubwa na si za mbao, haziingii tena, zinafungwa nje. Ndani mna nyavu, makasia ya zamani, majaba na samaki waliotundikwa wakauke. Orofani, ambako zamani palikuwa pa kuhifadhia zana na kuanikia, ndiko wanakolala watu au wageni.

Nawe utafurahi kusikia hili: wana dema. Wanaliita mondori, hulitosa kwa kamba palepale chini ya nyumba, na chambo chake ni vichwa na mifupa ya samaki iliyobaki jikoni. Jioni unakula samaki, mifupa yake unaitia demani, asubuhi unavuta kitoweo kingine. Kazi kubwa ya kijiji, hata hivyo, ni nyavu za kutega zilizosimikwa baharini, mfano wa uzio wetu lakini katika maji ya kina, na samaki anayewapa jina ni buri, ndugu wa kolekole, ambaye wakati wa baridi huwa amenona mafuta mpaka kisu kinateleza.

Bi wa Kaole:

Hamjambo ndugu zangu wa Tanga. Mimi ni wa Bagamoyo, na naomba nipingane kidogo na kaka wa Ngamiani, kwa heshima zote.

Mwalimu amesema anatafuta utulivu, na Ine mchana wa Novemba si mahali patulivu. Jina lake limeshaenea, watu ni wengi, na wenyeji wamelazimika kuweka vibao vya kuwaomba wageni wasiingie majumbani. Mimi ningempeleka Miyama, katika vilima vya kaskazini mwa jiji la Kyoto, kwenye kitongoji kinachoitwa Kayabuki no Sato. Nyumba zake karibu arobaini zimeezekwa kwa nyasi, na zimehifadhiwa kisheria tangu mwaka 1993. Najua bahari hakuna, lakini kwa mtu aliyelelewa chini ya makuti kuna la kutazama. Paa lao ni nene kuliko urefu wa mkono wangu, wanalifunga kwa kamba bila msumari, na zamani moto wa jikoni uliwaka katikati ya nyumba bila bomba la kutolea moshi, kwa makusudi, maana moshi ndio uliokausha nyasi na kufukuza wadudu. Marehemu mama yangu alikuwa akisema hivyohivyo kuhusu jiko la kuni na makuti, nasi tukamwona anatetea kikohozi chake.

Moto nao wanauogopa kama tunavyouogopa sisi. Kati ya nyumba utaona vibanda vidogo vya mbao ambavyo mtu angedhani ni vya kuku. Ndani mna mabomba ya kurushia maji, na mara mbili kwa mwaka huyafungulia yote kwa pamoja kuyajaribu, kijiji kizima kikafunikwa na mvua ya kupanda juu. Kila moto unapounguza hoteli ya makuti huku kwetu nakumbuka vile vibanda.

Kuhusu chakula nina la kukiri. Nilipokwenda, niliandika katika ombi langu la malazi kwamba sili nguruwe, basi, nikaridhika. Mama mwenye nyumba akanipikia vyakula kumi na kimoja, vya samaki na mboga, kila kimoja katika kibakuli chake, akapiga magoti kuniandalia. Nilipouliza kwa simu ya kutafsiri, ikabainika kwamba karibu kila mchuzi ulikuwa na mirin, ambayo ni pombe tamu ya mchele ya kupikia, au sake yenyewe. Nilikula wali mtupu na yai. Yule mama hakukasirika. Aliona haya, na haya yake iliniuma kuliko njaa. Kosa lilikuwa langu. Kwa hiyo, Mwalimu, andika mapema na uandike kila kitu: sili nguruwe, sili nyama isiyochinjwa kwa sheria, sitaki sake wala mirin katika chakula, na kuna chapa za sosi ya soya ambazo nazo hutiwa alkoholi. Kisha waambie unachokula, maana orodha ya makatazo peke yake humtia mpishi hofu: samaki wa kuchoma kwa chumvi, wali, mayai, tofu, samaki mbichi ukimwezea. Msimu wa kaa hufunguliwa Novemba 6 katika pwani hiyo; mjadala wa kaa nawaachia masheikh.

Kibla kitakutatiza siku ya kwanza, kwa sababu sisi tumezoea kuelekea kaskazini, na kule utaelekea magharibi ukikata kidogo kaskazini. Jua nalo huzama mapema, hata saa kumi na moja jioni haijafika. Ukitaka kuswali Ijumaa msikitini, pale Kobe kuna msikiti uliofunguliwa mwaka 1935, wa kwanza nchini humo.

Bafu: unajisugua na kujisuuza nje, ndipo unaingia katika pipa la maji ya moto ukiwa umeshatakata, na ukitoka humwagi maji, kwani mwenzako atayatumia. Nyumba nyingine za wageni zina bafu la pamoja ambamo watu huoga uchi, wanaume kwao na wanawake kwao. Ukilala katika nyumba inayopokea kundi moja tu, hilo halitakuhusu.

Usibebe sambusa za nyama, hata mkeo akikulilia. Kuingiza nyama Japani bila cheti ni marufuku. Zawadi beba kanga, ni nyepesi na haiozi.

Mwalimu wa Chumbageni (baada ya wiki saba):

Nimerudi salama, alhamdulillahi, na ninawiwa taarifa na nyinyi.

Bi wa Kaole, nilifuata bahari. Miyama nimeiweka moyoni. Nililala Ine usiku mbili, na mvua ilininyeshea siku zote mbili, ikikatika kwa robo saa na kurudi. Ulisema kweli kuhusu mchana: kati ya saa tano na saa tisa barabara ilijaa watu na miavuli yao, nami nilikaa ndani nikasoma. Basi la mwisho lilipoondoka nikasikia kitu ambacho sikukisikia Kyoto kwa wiki tatu, yaani maji yakilamba ubao chini ya kitanda changu. Jioni vipaza sauti vya kijiji vilipiga wimbo mfupi kwa watu wote, na mwili wangu, bila kuniuliza, ukasimama kutafuta udhu.

Wenyeji wangu walikuwa mume na mke wa miaka sabini na kitu. Chakula niliandika kama nilivyoelekezwa, kwa Kijapani cha kutafsiriwa na simu, mistari saba. Bibi aliichapisha ile barua, akaibandika jikoni, na kila alipoleta sahani alinionyesha kwa kidole mstari aliouzingatia. Nilikula buri wa kuchomwa kwa chumvi, na mafuta yake, kaka wa Ngamiani, hukuyatia chumvi.

Mzee alikuja kunipokea kituoni kwa gari dogo, na siku ya pili kwa kirikuu yake ya kubebea nyavu, ileile ya kwetu. Alipowasha lile gari dogo, sauti ya mwanamke ikatamka maneno ambayo nimeyasikia kila asubuhi kwa miaka kumi kutoka katika Noah ya jirani yangu. Nikayarudia kwa ukamilifu, kwa lafudhi ya Chumbageni. Mzee alisimamisha gari, akacheka mpaka akavua miwani. Maana yake ni kwamba kadi ya kulipia barabara haijaingizwa. Miaka yote hiyo sisi tulidhani gari linasalimia.

Jambo jingine dogo ambalo nililigundua mwenyewe, na kama mwalimu wa jiografia naona fahari kulieleza. Japani iko mbele yetu kwa saa sita kamili, na sisi katika Kiswahili tunahesabu saa kwa kuanzia alfajiri. Kwa hiyo namba iliyo kwenye saa ya ukutani ya Mjapani ndiyo saa ya nyumbani kwa Kiswahili. Akrabu ikiwa kwenye mbili mchana kule, hapa Tanga ni saa mbili asubuhi. Nilikuwa nikimpigia mke wangu kwa kutazama tu ukuta wa wenyeji wangu.

Kuhusu hodi. Asubuhi ya pili nilitumwa, naam, nilitumwa kama mtoto wa nyumbani, kupeleka bakuli kwa jirani. Nilisukuma mlango, nikasimama penye viatu, nikasema gomen kudasai. Kutoka ndani kabisa bibi mmoja akaitika "haaai", kwa kuivuta, na alikuja taratibu akijifuta mikono kwenye aproni. Alipoona ni mimi alishtuka kidogo, kisha akachukua bakuli, akarudi ndani, akatoka na machungwa matatu madogo. Sikupiga picha yoyote pale. Kanga nilimwachia bibi mwenyeji wangu, ambaye aliifunua, akaikunja upya kwenye mikunjo yake ileile, akaiweka kwenye rafu iliyo juu ya redio.

Nahodha, kazi yako nimeifanya. Nilifunga uzi mwekundu kwenye nguzo yalipofika maji yalipojaa, na mwingine yalipokupwa, nikapima katikati kwa mkono: shibiri moja na vidole vitatu. Ipo kamba niliyoikata kwa urefu huo, nitaileta Sahare Jumamosi.

Nahodha wa Sahare:

Nimeipokea kamba, Mwalimu, nami nimeitundika bandani, vijana wanapita wananiuliza ni ya nini. Nikiwaambia kwamba huo ndio urefu wa bamvua la Wajapani hawaamini.

Bado lile dema. Hukusema mdomo wake ni mmoja au miwili, wala umetazama juu au ubavuni. Kama una picha ya mdomo, mtumie mjukuu wangu.